Plasta ya Ukuta Mzima

Priscille wa papa Grégoire alikuwa mtoto wa kutumwa dukani akasahau alichotumwa. Si kwamba alikuwa mjinga. Ukimtuma chumvi kule Nyawera, atapita mbele ya jengo la zamani lenye kona ya mviringo, atasimama, atainua shingo kutazama jinsi ukuta unavyokata kona, na chumvi itasubiri. Mama yake, maman Olive, alizoea kusema kwamba huyu ataolewa na ukuta. Majirani walicheka, na Priscille alicheka pamoja nao, kwa sababu hakuona aibu hata chembe.

Tuseme ukweli, wengi wetu hapa Bukavu hata hatuyaoni majengo yale. Mtu akipata pesa, jambo la kwanza ni kubomoa. Anaangusha nyumba iliyokaa miaka sabini bila kumwomba mtu kitu, anapandisha ghorofa nne za vioo vya buluu. Maji hayafiki juu, umeme ni wa bahati nasibu, lakini vioo ni vya buluu, na mwenye mali ameridhika. Priscille alivichukia vioo hivyo tangu utotoni, akavichukia kwa moyo wote, kama wenzake walivyochukia uji usio na sukari.

Chuki hiyo ilianzia nyumbani. Waliishi katika nyumba ya babu yake, muzee Zagabe, ambaye ujanani alikuwa karani wa Mbelgiji mmoja wa kahawa na akainunua nyumba hiyo kwake miaka ya sabini, wageni walipokuwa wakifunga mizigo. Upande wa barabara ukuta wake ulizunguka taratibu bila pembe, ngazi zilikuwa na madirisha ya duara, na sakafu ilikuwa ya vijiwe vyeusi na vya manjano vilivyosuguliwa hadi vikang'aa. Ukiwa juu unaliona ziwa. Ilipotokea tetemeko la mwaka elfu mbili na nane, Jumapili asubuhi, mtaa mzima ulikimbilia barabarani, wengine na kanga tu. Muzee Zagabe alibaki kitini mwake. Alitoka baadaye kabisa, kuwaambia majirani kwamba maharage yao yanaungua. Nyumba ilipata nyufa siku ile, moja kwenye korido, nyingine ngazini, nyingine katika chumba cha kulala cha wazazi nyuma ya kabati, lakini haikumdondoshea mtu hata tofali moja.

Kabla ya kufa, muzee aliwaita watoto wake watatu. Mkubwa alikuwa Virginie, mjane na muuguzi mstaafu wa hospitali ya Kadutu. Aliyefuata ni Grégoire, baba yake Priscille, mhasibu katika shirika moja la misaada. Wa mwisho, Télesphore, aliuza saruji na mabati. Akawaambia kwamba nyumba ile haiuzwi maadamu imesimama. Ikianguka yenyewe, hiyo ni kazi ya Mungu, wagawane kiwanja kwa amani. Lakini atakayeiuza ikiwa imesimama, asimtaje yeye tena kuwa baba yake. Huku kwetu Bushi, nchi ya Washi, neno la mzazi anayekata roho si la kuchezea. Nawajua watu wanaowadanganya polisi na mapadre bila kupepesa macho, lakini neno kama hilo hulizunguka kwa mbali.

Priscille alipofaulu examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kila mtu alikuwa amekwisha kumchagulia masomo. Alikuwa na akili ya hesabu na ya biolojia, na mtihani wa kuingia udaktari alikuwa ameupita. Tante Virginie alikwisha kuahidi kumpa kipimo chake cha zamani cha kusikilizia moyo. Jioni moja mezani, foufou, ugali wa muhogo, ikiwa bado inatoa mvuke, Priscille akasema kwamba haendi udaktari. Anataka architecture. Anataka kujifunza jinsi nyumba za zamani zilivyojengwa na jinsi ya kuzitibu zisife.

Maman Olive aliweka kijiko chini. "Batu banagonjwaka kila siku," alisema. "Nyumba ya zamani, nani anaihitaji?"

Papa Grégoire alimaliza kwanza tonge lake. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, sifa ambayo bintiye aliipenda mno. Halafu akasema, "Muache asome ile roho yake inapenda. Siku utamaliza, Priscille, hii nyumba ya koko Zagabe njo itakuwa chantier yako ya kwanza ya kutengeneza."

Msichana alilia pale pale, machozi yakaingia kwenye dagaa wa sambaza. Ahadi ni deni, wanasema, na yeye aliipokea kama kitu kilichokwisha kulipwa. Kesho yake alikwenda kuandika kwamba anaiacha nafasi ya udaktari, na hakugeuka nyuma.

Mwaka wa kwanza na wa pili ilikuwa mizuri kuliko alivyotarajia. Darasani wasichana walikuwa wachache, na vijana walipenda kumuuliza kama amekuja kuchora mapazia. Aliwajibu kwa kupata alama za juu. Jumapili baada ya misa aliipima nyumba yao chumba kwa chumba ili aichore yote, na baba yake alimshikia ncha ya utepe wa kupimia, akipiga magoti sakafuni na suruali yake ya kanisani. Papa Grégoire alijua hadithi za kila mlango. Alimwonyesha mahali muzee alipogonga msumari wa kutundikia kofia, na jinsi fundi wa zamani alivyoficha bomba la maji ndani ya ukuta. Walicheka sana. Ukimuuliza Priscille leo ni kitu gani kilimuuma zaidi katika mambo haya yote, atakuambia ni zile Jumapili.

Mwaka wa pili walifundishwa namna ya kuujua ufa. Kuna ufa unaoendelea kutembea, na kuna ufa uliokwisha kulala. Kwa macho huwezi kuutofautisha, kwa hiyo unaweka kipande cha plasta juu yake, upana wa kiganja, unaandika tarehe. Nyumba ikiendelea kusogea, plasta inapasuka. Isiposogea, plasta inabaki nzima, na ufa huo ni kovu tu, unauziba na maisha yanaendelea. Katika mji wetu huu wa milima inayoteleza, ambako kila mwaka mvua inabeba nyumba za watu, hiyo si elimu ndogo.

Priscille alinunua plasta. Mara ya kwanza mkono haukuwa mzoefu, basi akajaribia sebuleni, karibu na mlango, kwenye ukuta mzima usio na ufa wowote. Kipande kilitoka kimepinda. Akakiacha hapo hapo, kwa kuwa kilimchekesha, halafu akaweka vipande vizuri juu ya nyufa zote, hata ule wa nyuma ya kabati la wazazi. Baba yake alitaka kuelewa. Akamweleza kila kitu, kwa furaha ya mtu anayefundisha kwa mara ya kwanza: papa, ukiona imepasuka, ujue nyumba inatembea na haina maisha marefu. Papa Grégoire alisikiliza vizuri, akauliza maswali mawili matatu ya maana.

Mwaka ukapita, mvua zote mbili zikapita, na hakuna kipande kilichopata hata alama ya unywele. Priscille alifurahi kama aliyeletewa majibu mazuri ya hospitali. Alikwenda kwa baba yake kabla ya mtu mwingine yeyote: nyumba ni nzima, paa tu ndilo la kurekebisha, na nyufa za kuziba. Papa Grégoire alisema bien, vema, akaenda kulala mapema.

Wakati huo kulikuwa na mfanyabiashara aliyekitaka kile kiwanja ajenge hoteli. Tonton Télesphore ndiye aliyeleta habari, na ndiye aliyekwisha kuhesabu kichwani vioo vya buluu vitakavyotoka dukani kwake. Tante Virginie alikataa. Alisema yeye hana mkono wa kusaini kitu ambacho baba yake alikikataza, na laana ya mzazi haina dawa hata katika hospitali aliyofanyia kazi. Priscille alizipata habari hizi kwa mama yake, jikoni. Hazikumnyima usingizi. Ndugu watatu, na katika watatu hao mmoja ni papa. Aliwaza tu kwamba tonton anapoteza wakati wake.

Mwaka wa tatu darasa lake lilikwenda Kalehe kwa siku chache, kuchora kanisa la zamani la misheni. Alirudi na vumbi la barabara kichwani na picha nyingi kwenye simu, akaingia sebuleni akiita papa, aje aone jinsi matofali ya Kalehe yalivyopangwa. Papa hakuwepo. Ndipo akaona plasta ya korido.

Ilikuwa imevunjika. Akakimbilia ngazini. Imevunjika. Akakaa kwenye ngazi, akifikiri nyumba imehama yeye akiwa safarini, na kwamba mwaka mzima alikuwa amejidanganya. Alibaki hapo akiitazama, huku akiiomba samahani moyoni kana kwamba ni mgonjwa wake. Alipoinuka kurudi sebuleni, macho yake yakaanguka kwenye kile kipande kilichopinda, karibu na mlango.

Nacho kilikuwa kimevunjwa. Ukuta uliokuwa nyuma yake haukuwa na ufa juu wala chini, ulikuwa laini kama siku ulipopakwa, isipokuwa kidoti kimoja kilichobonyea, cha ukubwa wa kichwa cha nyundo.

Yeyote aliyefanya kazi ile hakujua kwamba kile kilikuwa cha kujaribia tu. Aliona plasta, akagonga. Priscille alikwenda moja kwa moja chumbani kwa wazazi, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akatoa vipande kiganjani. Chumba kile kilifungwa kwa ufunguo mchana, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa baba yake; siku ile tu alikuwa amemwachia mama afagie. Jikoni, maman Olive alikuwa akichambua lengalenga. Priscille alimwonyesha kiganja chake. Mama alitazama, akarudia mboga zake, akamwambia amuulize papa yake. Hapo ndipo alipojua. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hupekua nguo anazovaa kila siku?

Hakumuuliza. Alingoja baba aseme mwenyewe. Jioni ile papa Grégoire alimuuliza habari za Kalehe, akazitazama picha zote, akasifu matofali. Kisha akamwambia kwamba Jumapili kuna mkutano wa familia, naye atahitajika, aseme tu alichokiona kwenye nyufa. Alisema hivyo akiwa amegeukia dirisha. Priscille alijibu ndiyo, papa. Usiku na mchana uliofuata alimtafutia sababu: labda alilazimishwa, labda anayo mipango, labda kule mkutanoni atasimama aeleze. Mtoto aliyependwa ni wakili mzuri wa mzazi wake.

Jumapili ndugu walikaa sebuleni. Huku kwetu neno zito halifunguliwi na koo kavu, kwa hiyo kasiksi, pombe ya ndizi, iliwekwa katikati, na tante Virginie akaonja kwanza kwa ukubwa wake. Tonton Télesphore alianza kwa methali, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ingawa sijui alimaanisha nini maana hakuwa na nia ya kuuziba ufa wala kuujenga ukuta ule. Halafu papa Grégoire akasimama. Alieleza habari ya plasta, neno kwa neno kama alivyofundishwa na bintiye. Akawatembeza dada yake na mdogo wake koridoni na ngazini waone. Tante Virginie alishika kifua. Waliporudi kuketi, Grégoire alimwekea binti yake mkono begani.

"Dada, sisemi mimi," alisema. "Tuko na architecte ndani ya familia, damu ya muzee. Yeye njo atatuambia kama nyumba iko natembea ao haitembee."

Wote walimgeukia. Mkono ulikuwa bado begani, wenye joto, ule ule uliomshikia utepe. Priscille alijua kwamba neno moja lingemfurahisha baba yake kuliko alama zote alizowahi kuleta nyumbani. Alijua pia kwamba nyumba haikuwa na mtu mwingine wa kuisemea.

"Nyumba haitembee, tante," alisema. "Ile plâtre ilipigwa na marteau. Même hii ya hapa karibu na mulango, niliiweka ku ukuta muzima, hakuna ufa. Nayo wameivunja."

Mkono ukaondoka begani. Tante Virginie aliinuka, akaenda mlangoni, akapitisha kidole juu ya ukuta, juu na chini, akitafuta ufa. Hakuupata. Akageuka. Alikuwa mwanamke aliyezoea kuwauliza wagonjwa mahali panapouma.

"Nani aliipiga?"

Hapa, ndugu msomaji, ungesema nini? Kumtaja baba mbele ya dada yake mkubwa na mdogo wake, kasiksi ikiwa katikati, kwamba ni mwongo na alivunja kwa nyundo ili aikwepe laana? Huku kwetu mtoto hamvui baba nguo. Priscille alimtazama papa Grégoire, akimpa nafasi ya mwisho. Baba alikuwa akitazama viatu vyake. Akamhurumia. Hiyo ndiyo aibu ya jambo hili, kwamba alimhurumia.

"Siyui, tante."

Alikuwa hajawahi kumdanganya shangazi yake. Aliutoa uongo huo kama mtu anavyovua koti kumfunika mwingine, na papa Grégoire hakuchelewa kulitumia koti lenyewe.

"Munasikia?" alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi imara. "Hajui. Anasema bamevunja, mais nani, hajui. Mutoto iko mwaka ya tatu tu, bado hajamaliza kitu. Anapenda hii nyumba sana, haone vizuri. Tusimubebeshe mambo ya bakubwa."

Tonton Télesphore akaitikia haraka kwamba ni kweli, mtoto ni mwanafunzi tu, watafute ingénieur mwenye cheo. Tante Virginie alimtazama mpwa wake kwa muda, akingoja. Kama angepata jina angebaki na kukataa kwake hadi kaburini. Hakupata jina. Na mtu asiyejua ni nani aliyevunja plasta, alisema polepole, atajuaje kwamba si nyumba yenyewe iliyoivunja? Alikaa chini, akaomba apewe kasiksi. Alionekana mzee, lakini alionekana pia mtu aliyetuliwa mzigo.

Ingénieur alikuja, rafiki wa tonton, akazunguka nyumba kwa muda wa kunywa soda moja, akasema ni hatari. Tante alisaini. Maman Olive alianza kufunga vyombo. Waliambiwa watahamia Kavumu, kwenye kiwanja kipana, karibu na barabara ya uwanja wa ndege.

Siku ya kubeba vitanda Priscille alimkuta baba yake peke yake juu, katika chumba cha kutazama ziwa, akifungua mapazia. Siku zote hizo hawakuwa wamesema zaidi ya habari za asubuhi na chakula kiko tayari. Alikuwa amejiandaa kumuuliza juu ya nyundo. Alipofungua mdomo, lilitoka swali jingine.

"Papa, ile siku uliniruhusu nisome architecture, ulikuwa unawaza nini?"

Papa Grégoire alikunja pazia mara mbili, akalilaza juu ya godoro. Labda alichoka kudanganya, labda aliona hakuna tena cha kuficha kwa kuwa nyumba imekwisha kwenda.

"Niliwaza dada yangu asingekubali neno ya ingénieur wa inje," alisema. "Angesema tulimununua. Tokea muzee anakufa nilijua siku moja tutahitaji mutu wa damu, mwenye kusoma, aseme nyumba imekwisha." Akachukua pazia la pili. "Na wewe si ulikuwa unaipenda ile masomo? Kuna mubaya gani?"

Aliuliza kweli, si kwa kejeli. Alingoja hata jibu. Priscille akashika upande wake wa godoro, wakalishusha pamoja ngazini, baba mbele na binti nyuma, wakiambiana wapi pa kugeuka.

Hakuacha masomo. Wengi walidhani ataacha, na maman Olive alidokeza kwamba mlango wa udaktari haujafungwa kabisa. Alipanda gari asubuhi na mapema kutoka Kavumu kila siku ya darasa, akateremka, akapita Nyawera bila kuinua kichwa. Mwaka mpya ulipoanza, profesa mmoja aliyekuwa mgeni kwao alitaka kuwafahamu, akamtaka kila mwanafunzi asimame, aseme jina lake na sababu ya kuchagua architecture. Mmoja alisema ni kwa ajili ya kazi, mwingine alisema anapenda kuchora, mwingine akasema aliota. Zamu ikafika kwa Priscille. Alisimama, akasema jina lake, akasema kwamba yeye hakuchagua, papa yake ndiye aliyemchagulia, akaketi.